Mama Archange wa Bihambwe

Mimi naitwa Kavuo, muzaliwa wa Butembo, mwenye duka mu Masisi centre, na sipendi muntu aniambie subira. Wanasema sisi Wanande tunazaliwa na mizani mukononi. Waseme tu. Wakati vita ilipanda tena vilima vya Bihambwe, bwana yangu alibakia Butembo na lori yake ju barabara ilikuwa imefungwa, na mimi nikabakia na chumvi, sabuni, mafuta, betri, na kule nyuma chumba yenye mashini za internet, kuukuu zote, lakini zilikuwa zinawaka.

Chumba ile ilikuwa ya Jules, ndugu yangu mudogo. Alisomea mambo ya mashini kule Goma. Akili mingi, masikio kidogo. Unamuita kula, anajibu, "Nakuja, Yaya," ni kusema dada mukubwa, kisha anakuja wakati bugali imekuwa baridi na anauliza kwa nini bugali ni baridi. Mu siku zile nilikuwa namugombeza asubuhi na mangaribi, na leo ningelipa ili nimusikie tena ananijibu vile. Hapana, hakufa. Iko Kampala, ameoa, amenona. Nasema tu kama ile wakati ilikuwa yetu, hata na ubaya wake wote.

Watu walikimbia Bihambwe siku moja, kila muntu na njia yake. Mama anapita huku na mbuzi, watoto wanapita kule na bibi yao. Simu ziliungua ndani ya nyumba, na namba za watu ndani ya simu. Wengi walifika kwenye kambi ya Lushebere, wengine wakaingia Goma, wengine wakapotea mupaka Walikale. Basi komite ya kambi ikaomba Jules ajenge site, mahali pa majina mu internet, ili mwenye kuwa mbali aweze kujua nani iko wapi. Jules akajenga. Mimi na yeye tulishuka Lushebere mara mingi, tunapita hema kwa hema. Kila muntu tulimuuliza kwanza kama anakubali jina yake ionekane, ju wengine walikuwa wanaogopa wenye bunduki, na hao tuliwaacha. Wenye kukubali walitoa karte yao ya kura, na Jules akaandika vile karte ilisema: jina, postnom, ile ya pili, prénom, ile ya ubatizo, kijiji. Jules hakupenda makosa.

Kati yao kulikuwa mama moja mwembamba, mulimaji wa maharagi, mujane. Karte yake ilisema Adelaïde Kabera. Alikuwa na kijana moja tu mwenye kubakia, Archange, mutoto wake wa kwanza. Siku ya kukimbia, kijana alikuwa ameenda soko, mama alikuwa shamba, na katikati yao nyumba ikaungua. Mama akapata habari kwa wapitanjia kwamba Archange alishuka Walikale, akaingia mu pori ya Bisie kule vijana wanachimba kasiterite, mawe ya bati, na kuibeba mugongoni. Lakini akapata na habari ingine. Watu walikuwa wamemuambia Archange kama mama yake aliungulia ndani ya nyumba.

Hiyo njo ilikuwa inamukula. Hakuwa anaomba pesa, hakuwa anaomba mutoto amuletee kitu. Alitaka tu Archange ajue kama mama yake iko muzima, asibebe kifo ya bure kichwani kule mu pori, na akijua, arudi.

Basi kila siku, akimaliza kulima mu mashamba ya watu, alikuwa anapanda kutoka Lushebere, anasimama kwenye mulango wangu. Haingii, ju ya matope ya miguu. Anauliza, "Mashini imesema?" Mimi najibu, "Bado, Mama." Anasema, "Aksanti," anarudi. Ilikuwa inanikasirisha, ile aksanti. Aksanti ya nini? Ningekuwa mimi, ningetukana mashini, na mwenye mashini, na dada ya mwenye mashini.

Siku moja Epiphanie, binti mwenye kuuza nguo za kuvaliwa karibu na kanisa, akatoka Goma amekasirika. Alikuwa amemutafuta shangazi yake kwa Google, akakosa. Na shangazi tulikuwa tumemuandika sisi wenyewe, iko ndani ya site, nilikumbuka hata uso yake. Nikakaa kwenye mashini, nikajaribu na yule mama wa mulangoni, nikaandika Adelaïde Kabera Bihambwe. Google ikanionyesha hoteli ya Ulaya, shule ya masista, na picha ya ng'ombe. Ya kwetu, hata kidogo. Nikamuita Jules, na siku ile alikuja mbio, nafikiri ju ya sauti yangu.

Akanieleza, na nilimufanya aeleze mara mbili. Majina yote yalikuwa yamewekwa ndani, mu hifadhi ya mashini. Muntu anafika kwenye site yetu, anaona kisanduku, anaandika jina, anafinya, na hifadhi inamutengenezea ukurasa pale pale. Akiondoka, ukurasa unaisha, haukuwahi kuwa mahali. Sasa Google iko na mutumishi wake, anaitwa robo, roboti ya ndani ya mashini tu, anatembea mu internet yote, anafuata njia kutoka ukurasa hadi ukurasa, anasoma, anarudisha habari. Lakini robo haiandiki mu visanduku. Haijui iulize jina ya nani. Inafika kwetu, inasoma "Karibuni", inaona kisanduku, inarudi kwao. Na hata anwani za kurasa zetu zilikuwa mbaya, ndefu, alama za kuuliza na namba zenye kubadilika kila muntu akiingia. Robo ikiona vile inakimbia.

"Kwa hiyo umejaza depo," nikamuambia, "na mbele ya duka hukupanga hata sabuni moja."

Akacheka. Akasema njo hivyo kabisa, kwa masomo waliwafundisha kujaza depo vizuri, na mambo ya kupanga mbele waliyagusa kidogo tu.

Akaanza kazi. Kila muntu akapata ukurasa wake, wa kukaa, wenye anwani fupi yenye kusomeka: kijiji, kisha jina. Kila kijiji ikapata ukurasa yenye kuonyesha watu wake wote, na ukifinya jina unafika kwake. Vijiji vyote vikakusanywa mu ukurasa moja, hivi robo ikifika mulangoni inaweza kutembea yenyewe mupaka kwa muntu wa mwisho bila kuuliza. Kisha akatengeneza ramani ya site nzima, akaituma kwa Google kama vile unatuma muntu kuita mugeni. Namba yetu ya simu, na jina yangu Kavuo, zikawa chini ya kila ukurasa.

Nikisema hivi, ni sawa kazi ya siku moja. Haikuwa hivyo. Mazutu, mafuta ya mashini ya umeme, ilikuwa inakosekana, na ikipatikana ilikuwa na maji. Tukisikia masasi ya bunduki upande wa mulima, tunafunga, tunaficha mashini chini ya mifuko ya maharagi, tunakaa kimya kama panya. Yakiisha, Jules anafukua mashini yake, anapanguza vumbi, anaendelea pale aliachia. Sikumugombeza mu siku zile. Nilikuwa namupelekea bugali pale pale.

Robo ilikuja. Asubuhi moja nikaandika tena Adelaïde Kabera Bihambwe, na kumbe iko pale, ya kwanza, juu ya hoteli na ng'ombe: Adelaïde Kabera, Bihambwe, anaishi sasa Lushebere. Nilipiga makelele mupaka wateja wakafikiri waasi wameingia mujini. Kisha simu ikaanza kuita. Munyakazi, fundi wa pikipiki, dada yake alimupata kutoka Kampala, na muzee muzima akacheza mbele ya sardini zangu na mikono yenye grisi. Shangazi ya Epiphanie naye akaonekana mu Google. Watu wakawa wanapita wanamushika Jules mukono barabarani, na yeye anaangalia chini kwa haya.

Kwa mama yetu wa mulangoni, hakuna. "Mashini imesema?" "Bado, Mama." "Aksanti."

Kisha akakosa kuja, siku moja, siku ya pili. Nikafunga chumvi kidogo mu kitambaa, nikashuka Lushebere kumutafuta. Kambi ile ni kubwa, hema juu ya hema, moshi, watoto. Nikauliza Mama Adelaïde. Hakuna mwenye kumujua. Nikauliza Adelaïde Kabera. Adelaïde gani? Nikasema mwembamba, mujane, wa Bihambwe, mwenye kikwembe ya rangi ya majani mabichi. Mama moja mwenye kutwanga muhogo akaacha kutwanga, akaniangalia sawa vile nimetoka mwezini.

"Unatafuta Mama Archange," akasema. "Ungesema tangu mbele."

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikajifikiria. Mimi mwenyewe, kule Butembo, nani ananiita Kavuo? Ni wateja tu na muntu wa kodi. Mu familia mimi ni Mama Kétsia. Bwana yangu ananiita Mama Kétsia, mashemeji, majirani, hata Padri. Mutoto wa jirani akipotea na kunitafuta, atasema Mama Kétsia, mwenye duka. Sisi wenyewe, tukitafuta muntu kwa mudomo, hatungesema Kavuo. Lakini tulikuwa tumeshika karte za watu mukononi, na tukasahau vile tunaitana kila siku. Wajinga wawili, na moja yetu amesoma.

Nilimukuta Mama Archange na homa, lakini ilikuwa inapungua. Nikamuachia chumvi, nikapanda mulima karibu kukimbia, mimi na mwili wangu huu.

Jules alinisikiliza akiwa ameondoa mikono kwenye mashini. Hakubisha. Akasema tu, "Robo inasoma kile tunaandika, Yaya. Haijui kile tunaita." Tukashuka tena kambini, hema kwa hema, na mara hii ulizo ilikuwa moja: nyumbani wanakuitaka nani? Ee, watu walifurahi! Wenye kukaa kimya mbele ya karte sasa walisema mupaka tukachoka. Mama fulani, Papa fulani, mushonaji wa pale kwenye daraja, mwalimu wa mukono wa kushoto. Jules akaweka ile jina kwanza, juu kabisa, kwenye kichwa ya ukurasa na ndani ya anwani yake, na jina ya karte ikafuata chini. Ukurasa wa Adelaïde ukawa: Mama Archange wa Bihambwe, iko Lushebere. Nikamuambia aongeze "muzima". Akasema robo haina haja na ile neno, hakuna mwenye kuitafuta. Nikamuambia sikuiandikia robo.

Mama akapona, akarudi kwenye mulango. Nikamueleza kama sasa mashini inamujua kwa jina yake. Akauliza ni jina gani. Nikamuambia, Mama Archange. Akacheka, mara ya kwanza nilimuona meno. "Hiyo njo yangu," akasema, na siku ile akaingia ndani na matope yake yote, akakaa kidogo.

Tukangojea robo ipite tena. Jules alinieleza kama inapita wakati wake, haiitwi kama mutoto, na site yetu ni ndogo, iko mbali na njia kubwa. Nikamuambia asinitajie subira.

Simu ikaita muchana moja, niko napima mafuta. Namba siijui. Mwanaume, ananisalimia mu Kinande, nikafurahi. Alikuwa anaitwa Papa Benoît, mufanyabiashara wa kwetu, mwenye duka kule Walikale, na yeye pia na mashini zake nyuma ya duka. Tukaulizana kwanza vile watu wa kwetu wanaulizana, wewe ni wa nani, baba yako alikuwa anauza wapi, na tukapata hata mujomba mwenye tunamujua wote wawili. Kisha sauti yake ikabadilika. Akauliza kama ni kweli, Mama Archange wa Bihambwe iko muzima.

Nikamuambia kweli kabisa, namuona kila siku, na mutoto wake iko wapi, amupe simu. Akaniambia nikae kwanza. Nikabakia nimesimama, na mafuta inamwangika chini.

Akanieleza polepole. Kila mara Archange akitoka mu pori na muzigo, alikuwa ananawa uso, anakuja kwake. Hakujua kuandika kwa mashini, hivi Papa Benoît alikuwa anamuandikia. Maneno yalikuwa yale yale: Mama Archange wa Bihambwe. Haikuleta kitu. Papa Benoît akamuambia amupe jina ya mama yake, ile ya ubatizo ao ya karte, pengine itapatikana. Kijana akakatala. Si kwamba hajui, anajua. Alikatala tu, akaangalia upande, akasema andika vile nimesema. Watu wa Bihambwe wenye kufika Bisie walimuambia mama yake aliungua, wao waliona nyumba. Alipigana na moja yao ju ya ile neno. Mara ya mwisho alitoka mu pori amebebwa, na homa kali, na akaomba wamupitishe kwanza dukani, kisha kwa waganga wa hospitali. Papa Benoît akaandika. Hakuna. Akafa katika juma ile. Wachimbaji wenzake walimuzika pale Walikale, na Papa Benoît akatoa mbao.

Asubuhi ile alikuwa amekaa mbele ya mashini, hana mteja, akaandika ile maneno yeye mwenyewe. Hakujua kwa nini. Na ukurasa wetu ukakuja, wa kwanza.

Nikamuuliza ni juma gani kijana alikufa. Akaniambia. Nikahesabu na Jules. Juma ile ukurasa ulikuwa tayari umeandikwa, na jina yake juu, na muzima yangu ndani. Ni robo tu haikuwa imepita.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirikia robo, isiyo na uso ya kupigwa. Nilikasirikia karte, na mazutu, na Jules ambaye alikuwa ameweka kichwa juu ya meza, na wale wenye bunduki kuliko wote. Subira huvuta heri, wanasema. Wakuje waniambie pale dukani, siku ile, waone.

Desturi ingetaka nitafute mama moja ao wawili, tushuke Lushebere pamoja, tumukalishe, tumuambie kidogo kidogo. Sikupata wakati. Saa yake ilifika, akasimama kwenye mulango.

"Mashini imesema?"

Sikuweza kusema bado. Nikamushika mukono, nikamuingiza, nikafunga duka muchana, kitu sijafanyaka isipokuwa kwa masasi. Nikamukalisha juu ya mufuko wa maharagi. Nikataka kumuita kwa heshima kabla ya kusema, vile inafaa. Nikasema "Mama", na jina yenye ingefuata ikakatala kutoka, ju ilikuwa ya yule mwenye kufa. Nikabakia na "Mama" tu mu mudomo. Njo pale alijua.

Hakupiga kelele. Aliuliza kama alizikwa, na nani, na kama kulikuwa sanduku. Nikamuambia ndio, mbao nzuri. Akauliza kama mutoto alikufa akiamini yeye ameungua. Nikamueleza yote, ile ya kunawa uso, ile ya kupigana, ile ya kupitishwa dukani na homa. Nikafika pale Papa Benoît alimuomba jina ya mama yake na yeye akakatala kuitaja. Pale mama akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi niliuona ukiingia ndani ya muntu kwa macho yangu.

"Alikuwa mudogo," akasema. "Alisikia Padri ananiita Adelaïde, akakuja nyumbani naye ananiita hivyo, anacheka. Nikamupiga kofi. Nikamuambia vile mama yangu aliniambia mimi: jina yangu utaitaja siku ya kunizika."

Nikakaa karibu yake juu ya mufuko. Jules alikuwa analia nyuma ya pazia ya chumba yake, tunamusikia.

"Mutoto wangu alikatala kunizika," akasema Mama Archange. "Na mimi, hata kumuzika sikumuzika."

Inje watu walikuwa wanagonga mulango, wanataka chumvi. Sikufungua.